Sopyonje mbele ya wageni: filme, neno la mtengenezaji, na deni la mtoto

Katika kijitabu hiki tumezoea kusoma juu ya ngoma zetu, mahari, matanga na hadithi za wankambo. Safari hii ninaomba tuende mbali kidogo, mpaka Korea ya Kusini. Kule kuna watu waliochukua wimbo wa kale wa vijiji vyao, wakautia ndani ya filme, kisha wakapeleka ile filme kwa wageni pamoja na mtengenezaji wake, ili azungumze nao. Kazi hiyo waliifanya kwa akili na kwa muda mrefu. Lakini ndani yake iko swali moja ambalo, kwa maoni yangu, mara nyingi linapitwa haraka: mila ikisifiwa mbele ya wageni, nani anabaki kusema juu ya yule aliyeumizwa kwa ajili ya mila hiyo?

Nitachukua filme moja kuwa mfano, nayo ni Sopyonje ya mwaka 1993, iliyotengenezwa na Im Kwon-taek. Nitagusa pia filme zake zingine, sababu zote zinasaidia kuelewa ile moja.

1. Wimbo wenyewe

Sopyonje ni jina la njia moja ya kuimba pansori, ile ya upande wa magharibi wa jimbo la Jeolla, kusini ya nchi. Iko na njia ingine ya upande wa mashariki. Na pansori ni nini? Ni hadithi ndefu inayoimbwa na mtu mmoja tu, mwanaume ao mwanamke, amesimama juu ya mkeka na pepeo mkononi. Karibu naye anakaa mpiga ngoma. Basi, hakuna wengine. Yule mwimbaji anaimba, anasema, anacheza watu wote wa hadithi: tajiri, maskini, mzee, msichana. Mpiga ngoma na wasikilizaji wanamtia nguvu kwa vilio vifupi, na mahali pasipo vilio hivyo wimbo unakuwa sawa chakula bila chumvi. Hadithi moja inaweza kuendelea zaidi ya saa tano. Zamani hadithi zilikuwa 12. Leo zimebaki 5. Mwaka 1964 serikali yao iliandika pansori kati ya mali za taifa zinazopashwa kulindwa, na mwaka 2003 UNESCO ikaitangaza kuwa urithi wa wanadamu wote.

Msomaji wa kwetu hatashangaa sana. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, mzee Candi Rureke aliimba na kusimulia hadithi ya Mwindo kwa siku 12, akicheza na kuigiza, vijana wakimsaidia kwa kupiga na kuitikia. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliiandika, ikatoka katika kitabu mwaka 1969. Mtu mmoja anayebeba dunia nzima ndani ya koo yake: sisi tunajua jambo hilo. Njo maana filme ya Korea inaweza kusema na sisi pasipo safari ndefu.

2. Filme inasimulia nini

Yu-bong ni mwimbaji wa pansori asiye na nyumba. Anatembea kijiji kwa kijiji. Anamlea msichana asiye na wazazi, jina lake Song-hwa. Anaishi pia na mwanamke mjane mwenye mtoto mwanaume, Dong-ho. Yule mama anakufa wakati wa kuzaa. Basi baba huyu, ambaye hakuzaa hata mmoja kati ya watoto hao wawili, anawafundisha kazi: msichana aimbe, kijana apige ngoma. Njaa ni nyingi, mapigo ni mengi. Nchi inabadilika, watu wanapenda muziki wa kizungu. Kuna mahali katika filme ambapo wanaimba sokoni, halafu bendi ya tarumbeta inapita na kufunika sauti yao kabisa. Hakuna anayewafukuza; ni watu tu wanageuza kichwa na kufwata tarumbeta. Mtengenezaji hakuweka hotuba pale, na hakukuwa lazima.

Dong-ho anachoka, anakimbia. Song-hwa anahuzunika, hataki tena kuimba. Hapo baba anafanya jambo ambalo ni roho ya filme nzima: anamnywesha dawa inayoua macho. Anataka abaki naye, na anataka sauti yake ipate kile Wakorea wanachoita han, yaani uchungu uliokaa ndani ya moyo miaka mingi bila kupata njia ya kutoka. Karibu na kufa kwake anaungama. Kumbe binti alikuwa anajua. Miaka inapita, Dong-ho anamtafuta dada yake, anamkuta katika nyumba ndogo ya wageni. Usiku kucha mmoja anaimba, mwingine anapiga ngoma. Hawajitaji majina. Asubuhi kijana anaondoka.

Kiufundi, sehemu inayosifiwa zaidi ni ile ya njia ya udongo katika kisiwa cha Cheongsando. Kamera ya Jung Il-sung imesimama mahali pamoja. Baba na watoto wawili wanaonekana mbali, wadogo, wanashuka njia iliyopindapinda kati ya kuta za mawe, wanaimba Arirang ya Jindo. Wanakaribia pole pole. Mwanzo wamechoka, kisha wimbo unawashika, kijana anapiga ngoma, wanacheza. Inapita dakika tano hivi pasipo kukata picha. Mtu anaona kwa macho jinsi furaha inavyozaliwa kutoka kwa wimbo, na inapokoma, njia inabaki tupu na vumbi yake. Watalii wanafika pale mpaka leo. Na ni furaha ya mwisho ya hao watu watatu pamoja.

3. Namna filme za Korea zilivyotoka nje

Sopyonje ilianza kuonyeshwa Aprili 1993 katika sali moja ya Seoul, na hakuna aliyengojea makubwa. Ikawa filme ya kwanza ya Korea kupita watazamaji 1,000,000 katika mji ule. Mwaka ule ule, katika siku kuu ya kwanza ya filme ya Shanghai, Im alipata zawadi ya mtengenezaji bora, na Oh Jung-hae, aliyecheza Song-hwa, zawadi ya mchezaji bora mwanamke. Oh Jung-hae hakuwa mwigizaji wa kazi. Alikuwa mwanafunzi wa pansori. Naye Kim Myung-gon, aliyecheza baba, njo aliandika maneno ya filme, na baadaye, mwaka 2006, akawa waziri wa utamaduni.

Ulaya haikuwa haijui kitu. Tangu mwaka 1961, Mabu ya Kang Dae-jin, filme ya baba mwenye gari la farasi, ilipata zawadi Berlin. Mwaka 1987 Kang Soo-yeon alipata zawadi ya mchezaji bora Venice kwa filme ya Im inayoitwa Ssibaji. Lakini zawadi moja hapa, moja kule, haifanyi watu waijue nchi. Kilichobadilisha mambo ni kuonyesha filme nyingi pamoja, kwa mpango, na maelezo. Mwaka 1993 Centre Pompidou ya Paris ilipanga maonyesho makubwa ya filme za Korea, za kale na za mpya. Mwaka 1996 chuo kikuu cha Southern California, Los Angeles, kiliweka filme za Im Kwon-taek mfululizo, yeye mwenyewe akiwapo, na wenye elimu wakajadiliana. Kutokana na kazi ile kitabu kikatoka mwaka 2002. Mwaka ule ule wa 1996 Wakorea wakaanzisha siku kuu ya filme kwao, Busan, ili wageni nao wafike. Mwaka 2006 siku kuu za filme za Korea zikaanza London na Paris pia.

Nyuma ya hayo kulikuwa ofisi ya serikali ya kusaidia filme, iliyoanzishwa mwaka 1973 na kupangwa upya mwaka 1999, na nyumba za utamaduni wa Korea katika miji ya ng'ambo. Ile ya Paris ilifunguliwa mwaka 1980. Tuseme wazi: si upendo wa sanaa peke yake. Nchi iliyojulikana kwa vita ya 1950–1953 na utawala wa waaskari ilitaka ijulikane kwa jambo lingine. Hakuna aibu katika hilo. Lakini inaleta hatari, na nitaisema.

4. Neno la mtengenezaji

Desturi ya kueleza filme kwa mdomo si mpya kwa Wakorea. Wakati wa filme zisizo na sauti, chini ya utawala wa Wajapani (1910–1945), kila sali ilikuwa na msimuliaji, byeonsa, aliyesimama kando ya picha na kusema maneno ya wote, kuchekesha, kuliza. Watu wengine walinunua tikiti juu ya byeonsa kuliko juu ya filme. Mwaka 2007 ilipatikana filme ya mwaka 1934, Njia Panda ya Ujana, ya zamani kupita zote zisizo na sauti zilizobaki kwao. Walipoitengeneza upya waliionyesha na byeonsa mzima pamoja na wapiga muziki, kisha wakaipeleka hivyo hivyo ng'ambo. Sisi wa Afrika ya Mashariki na Kati tunawajua wanaotafsiri filme kwa sauti yao katika vyumba vya video, Kampala ao Dar es Salaam. Ni ndugu za byeonsa.

Leo mahali pake amekaa mtengenezaji mwenyewe, na maikro, baada ya filme. Wakorea wanaita mkutano huo GV, na wanaupenda sana hata kwao. Faida yake ni kubwa. Chukua Im Kwon-taek. Alizaliwa miaka ya 1930 huko Jangseong, ndani ya jimbo lile lile la Jeolla. Jamaa yake iliteswa kwa sababu ndugu fulani walikuwa upande wa kushoto. Wakati wa vita alikimbilia Busan, akafanya kazi ya mikono na kuuza viatu. Filme yake ya kwanza ni ya mwaka 1962, na kwa miaka kumi alitengeneza karibu 50, haraka haraka, kwa soko. Baadaye yeye mwenyewe alizidharau. Tangu Mandala, ya 1981, njo watu wanamuona kuwa fundi wa kweli. Mtazamaji wa Paris ao Los Angeles akisikia maisha hayo kutoka kwa mwenyewe, anaelewa kwamba uchungu ndani ya Sopyonje haukuchukuliwa katika kitabu cha utalii.

Lakini hatari iko wapi? Iko katika neno lile moja, han. Neno hilo ni zuri kwa kuanzisha mazungumzo, na ni baya kwa kuyafunga. Mgeni anauliza: kwa nini baba alimpofusha binti yake? Anajibiwa: ni han, ni roho ya Wakorea. Basi, maneno yamekwisha, wote wanatikisa kichwa, wanapiga mikono. Ni kama vile mtu aulize kwetu kwa nini mjane alinyang'anywa nyumba, na mzee mmoja ajibu: ni desturi. Jibu hilo halielezi kitu, linafunika.

Na filme yenyewe haifuniki. Tazama mwisho. Usiku ule Song-hwa anaimba hadithi ya Sim Cheong, mmoja wa zile tano zilizobaki. Ndani ya hadithi hiyo binti anajitoa kufa ili baba yake kipofu apate kuona, na mwishoni baba anamkuta binti mzima, macho yanafunguka. Wakorea wote wanajua hadithi hiyo. Basi wanaona kisu kilichofichwa: hapa kipofu ni binti, aliyemtia upofu ni baba, na hakuna macho yatakayofunguka. Katika sehemu ile ile, sauti ya mwimbaji inaondolewa kwa kitambo na muziki mwingine wa Kim Soo-chul unashika mahali pake. Ile sauti iliyolipiwa kwa macho mawili, wakati tunaingojea kupita wakati wote, tunanyimwa. Wengine wameona ni kosa la ladha. Mimi ninaona ni uaminifu: filme haithubutu kutuambia kwamba bei ilifaa.

Sasa, mgeni asiyepewa maandishi ya chini yenye maneno ya wimbo, ao asiyeambiwa hadithi ya Sim Cheong, haoni lile kisu. Anaona mwanamke kipofu anayeimba vizuri na kaka anayelia. Anatoka sali akisema mila ya Korea ni nzuri na ya huzuni. Hapo mazungumzo ya saa nzima juu ya han hayafai kama dakika tatu za kusimulia hadithi moja kabla ya taa kuzimwa.

5. Filme zinazoeleza zenyewe

Im alilielewa jambo hilo, na filme zake zilizofuata zinaonyesha. Chukje, ya mwaka 1996, ni juu ya matanga ya bibi mzee. Kila tendo la mazishi linaandikwa jina lake na maana yake juu ya picha, huku jamaa wakigombana na kunywa. Chunhyang, ya mwaka 2000, inakwenda mbali zaidi. Inaanza na mwimbaji mkubwa Jo Sang-hyun katika sali ya leo, mbele ya watu wa leo, vijana waliovaa sawa sisi. Anaimba, na picha zinafwata sauti yake. Chunhyang, binti wa mwanamke wa starehe, anapochapwa fimbo kwa sababu amekataa kulala na mtawala, wimbo unahesabu fimbo moja moja, na filme inaturudisha katika sali tuone watazamaji wanavyopokea. Kwa njia hiyo mgeni anafundishwa kusikiliza pale pale, pasipo mwalimu. Ilikuwa filme ya kwanza ya Korea kuingia katika shindano kubwa la Cannes. Miaka miwili baadaye Im alipata pale zawadi ya mtengenezaji bora kwa Chihwaseon, na mwaka 2005 Berlin ikampa zawadi ya heshima kwa kazi yake yote.

Hata hivyo, kati ya Chunhyang na Sopyonje ninachagua Sopyonje. Chunhyang inaeleza vizuri, nguo zinapendeza, mwisho ni wa furaha. Inampokea mgeni mlangoni na kumkalisha. Sopyonje inamuacha mgeni na mzigo. Na nikiziweka pamoja na Ssibaji, ambamo msichana maskini anakodishwa kuzalia jamaa kubwa mtoto mwanaume, ananyang'anywa mtoto, na anajinyonga, ninaona wazi: mara na mara Im anaweka mwili wa msichana katikati na kuuliza mila inamlipisha nini. Wale wanaomtangaza ng'ambo kuwa mlinzi wa mila tu wanasoma nusu. Yeye mwenyewe hakumaliza swali hilo: mwaka 2007, filme yake ya 100 ilirudia tena hadithi ya Song-hwa na Dong-ho, Oh Jung-hae akiwa yule yule.

Mtu anaweza kunijibu: mgeni hana haki ya kuhukumu mila ya wengine, afurahie, anyamaze. Ninaheshimu jibu hilo, sababu sisi pia tumechoka na wageni wanaofika na hukumu ndani ya sanduku. Lakini kuuliza si kuhukumu. Na swali la Song-hwa halikuletwa na mgeni. Liliwekwa pale na Mkorea, katika filme iliyotazamwa na Wakorea kwanza. Kumficha mgeni swali hilo ni kumdharau yeye, na ni kumdharau mtengenezaji.

6. Kwa sisi

Leo filme za Korea hazihitaji tena kubembeleza watu. Parasite ya Bong Joon-ho ilishinda Cannes mwaka 2019, na mwaka 2020 ikapata Oscar ya filme bora, ya kwanza isiyo ya Kiingereza. Wakati wa safari zile zote za kuongea na watazamaji, mtafsiri wake Sharon Choi alisifiwa karibu sawa na mtengenezaji, na ilikuwa haki. Kwetu pia mkono wa Korea umefika: Muzee ya Taifa ya Kinshasa, iliyofunguliwa mwaka 2019, ilijengwa kwa msaada wao. Nyumba ya kuweka vitu vya wankambo ni jambo jema. Inabaki kujua tutasema nini mbele ya vitu hivyo.

Kwa hiyo ninatoa mashauri machache kwa mashirika yetu yanayoonyesha filme ao ngoma kwa wageni, ao kwa watoto wetu wa mji, ambao mara nyingi ni wageni wa kwanza.

Kwanza, maneno ya kufungua yawe mafupi. Sisi walimu tunajua: utangulizi mrefu unaua kusoma. Msimulie hadithi ambayo watu hawawezi kukisia, basi, muache picha iseme.

Pili, tafsirini nyimbo. Watu wanatafsiri mazungumzo na kuacha nyimbo, wakifikiri ni mapambo. Mara nyingi neno lenyewe liko ndani ya wimbo.

Tatu, mleteni pia mtu wa wimbo, si mtengenezaji wa filme peke yake. Kwa Sopyonje, mpiga ngoma mmoja mbele ya sali angefundisha watu kuitikia kuliko kitabu kizima.

Nne, na njo kubwa: mtu akiuliza nani aliumizwa, msijibu kwa neno "desturi". Mzee anayefundisha kwa fimbo, msichana anayeachishwa masomo ili abaki na kazi ya nyumba ya asili, mjane anayenyamazishwa: hao wote ni sehemu ya urithi wetu, sawa na ngoma. Mkutano baada ya filme unapashwa kuwa mahali ambapo mama mzee wa nyuma ya sali anaweza kusimama na kusema: "Na yule binti, nani alimuuliza?" Kama kiongozi wa mkutano anamkatiza ili arudi kwa mgeni wa heshima, afazali siku hiyo tuzime taa mapema na kurudi nyumbani.